Gunia la Watu Wawili

Huku Makete kila mwezi kila nyumba hurudishiwa gunia la tope la choo chake likishaiva, nalo sharti limwagwe shambani siku hiyohiyo. Kwa baridi yetu huchukua miezi mitano kuiva, lakini likitoka ni jeusi, halinuki, na viazi hulipenda kuliko mimi ninavyopenda ugali.

Jana Kihongosi, msambaza magunia, alimsomea Mama Tweve, mjane wa miezi minne, maandishi ya gunia: “La mwisho la watu wawili.”

“Kumbe mzee wangu bado ananichangia!” mama akacheka. “Niachie hili, baba, nisilimwage.”

“Sheria, mama.”

Mama akalimwaga mwenyewe, taratibu, tuta kwa tuta, kisha akakung'uta gunia mara mbili.

“Mwezi ujao,” akasema, “utalibeba kwa mkono mmoja.”