Bawabu wa Nyumba ya Aubrecourt

Mfungwa mpya aliuvamia mlango wa ukumbini, akakitikisa kitasa mpaka viganja vikamuuma. Wenzake walimwacha ahangaike, kisha wakaangua kicheko. Mlango ule ulikuwa wa uongo. Fundi aliubandika ukutani ili ulingane na wa kweli ulio upande wa pili, maana tajiri Aubrecourt alitaka kila kitu nyumbani mwake kiwe na pacha wake, kuanzia nguzo za mbele.

Sasa wanamapinduzi walikuwa wameigeuza nyumba hiyo gereza, na Paris nzima ilicheka kwamba Aubrecourt amefungwa kwake mwenyewe.

Mtu waliyemcheka alisimama dirishani, mpole, akifuta vumbi la kioo kwa mkono wa shati.

"Bwana Aubrecourt, acha bwana!" alisema Madamu Saulieu, mjane wa jaji. "Utaharibu shati. Mwite bawabu wako."

"Firmin ni mzee, mama. Magoti yanamsumbua."

"Magoti gani? Mvivu tu huyo! Hata ufagio anaushika kama mwavuli."

Watumishi wengine walikuwa wameshakimbia. Alibaki bawabu huyo peke yake, na kwa kuwa alizijua funguo zote, walinzi walimwachia kazi ya mlango. Alipoingia na ndoo ya supu, mfungwa yule wa dirishani alisogea haraka, akampokea ndoo, akamvuta pembeni.

"Lini?" alinong'ona.

"Bado kidogo."

"Ulisema siku mbili tatu! Na ufunguo wa bustani unao mfukoni."

"Ukitoweka leo watapekua nyumba nzima, mpaka darini. Nani atapona hapo? Vumilia. Neno langu ni lile lile."

"Na binti yangu?"

"Nimempelekea salamu. Anakungoja." Bawabu aliyasema hayo akiitazama supu.

Mfungwa alimwamini. Angefanya nini? Walikuwa wameishi chini ya paa moja tangu ujana, na hakuwahi kumshika kwa uongo. Lakini kila asubuhi mkokoteni ulichukua watu kwenda kukatwa vichwa, na hakuna aliyewahi kurudi. Usingizi ulikuwa umemhama.

Kesho yake afisa aliingia na majina.

"Ndugu Saulieu!"

Mjane aliinuka, akaiweka sawa kofia yake. "Siku hizi hata kifo kinaniita ndugu," alisema, ila sauti ilimkatika kabla hajamaliza.

"Ndugu Aubrecourt! Mnyonyaji, mwenye nyumba!"

Mfungwa hakumtazama afisa. Alimkodolea macho bawabu.

"Sema," alimwambia. "Sema basi! Uliniahidi."

Bawabu alikuwa amelikumbatia shada la funguo kifuani, uso umempauka.

Afisa alicheka. "Mzee huyu ndiye atakuokoa? Watu wazima, mnatia aibu. Tembea, ndugu, gari halingoji." Kisha akalirudia jina kwa sauti iliyofika hadi uani.

Mzee mwenye funguo alisikia jina lake mwenyewe likiitwa mara ya pili, akainamisha kichwa, akamfungulia Firmin, mtumishi wake, mlango.