Baba Bado Hajala

Pistoni iligoma. Mwana aliigonga kwa kipande cha mti, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa, akamimina mafuta mengine, akakaa kungoja.

Injini ilifungwa kwenye kiunzi cha mbao katikati ya banda la ufukoni, kifuniko kimevuliwa, nyaya zinaning'inia. Nyuma yake mashua ya familia ilikuwa tayari. Baba yake ndiye aliyeifufua: alibadilisha mbao zilizooza, akaziba nyufa, akapaka rangi ya kijani. Injini aliiacha iwe ya mwisho. Mwisho wake yeye ukawahi.

Yeye, kitindamimba wa nyumba, alirudi kwa mazishi ya baba. Waombolezaji walipotawanyika akabaki, ili mama asikae peke yake. Ndivyo alivyomwambia kila mtu. Lakini kiti cha baba kilikuwa sebuleni, na kandambili zake zilikuwa mlangoni. Akahamishia siku zake bandani. Asubuhi alipita jikoni tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umelala?"

"Nimelala."

Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya kutwa.

Mambo ya jioni yalianza kimyakimya. Jua likishuka, mama aliteremka kutoka nyumbani na sahani iliyofunikwa, sweta begani, akaketi juu ya kreti tupu, pale kati ya banda na maji. Alikaa hadi kiza kilipoanza kuingia, akaiacha sahani juu ya kreti, akapanda kwenda zake.

"Mama, unafanya nini hapo kwenye baridi?" mwana aliuliza siku ya kwanza, kichwa kimeinamia kabureta.

"Namngoja baba. Bado hajala."

Spana ilimponyoka. Akainama kuiokota. Mama alipoondoka, akatoka, akafunua sahani. Chakula cha marehemu! Hata hivyo alikila, kwa kuwa kukitupa kungekuwa kubaya zaidi. Kilishuka kama kokoto.

Ikawa hivyo kila jioni. Yeye alijifunza kuipa mgongo saa ile: aliugeukia ukuta, akasugua kutu kwa msasa mpaka aliposikia hatua zikipanda kilima.

Mwishowe alimpigia dada yake simu.

"Akili zinamtoka mama. Anampelekea baba chakula ufukoni."

Dada akapenga kamasi. "Na wewe huko unafanya nini? Mnazungumza?"

"Natengeneza injini."

"Basi Jumamosi nakuja kumchukua. Nyumba tutaifunga."

Hakubisha. Lakini usiku huo hakupata usingizi, akimfikiria mama kwenye ghorofa ya dada mjini, sahani mkononi, asijue pa kuipeleka. Zamani, kabla mashua haijaharibika, mama aliusikia mlio wa injini tangu mbali, akabandika maji jikoni kabla baba hajafunga kamba. Labda akiusikia tena, mwana aliwaza, akaiona mashua inarudi na mtu mmoja tu ndani yake, na mtu huyo si mumewe, moyo utakubali. Ni ukatili. Lakini dawa ya moto ni moto.

Akaenda kutafuta ringi za pistoni. Muuza vipuri aliigeuzageuza ile kuukuu kiganjani, akacheka.

"Kaka, injini hii ina umri wa babu yangu. Mwache mzee apumzike."

"Mzee ameshapumzika."

Muuzaji akaacha kucheka, akaingia stoo.

Alhamisi pistoni ikakubali. Alivisha ringi mpya, akakausha koili juani, akazibua tundu la kabureta kwa uzi mmoja wa waya. Ijumaa mchana akaiteremsha injini kwenye pipa la maji ya kuipoza, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena, bega likalia. Injini ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikanguruma hadi mabati ya banda yakatetemeka.

Alicheka kwa sauti. Akageuka huku na huku, mikono myeusi kwa grisi, amwoneshe mtu. Hapakuwa na mtu.

Jioni, kabla mama hajateremka, aliifunga injini nyuma ya mashua, akaisukuma majini na kwenda mbali, hadi nyumba ikawa ndogo kama kiberiti. Hapo akageuza. Injini haikukosa pigo hata moja, na yeye alitamani ikose. Alitamani izimike palepale asilazimike kufika.

Mama hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama mbele ya banda tupu, mlango wake wazi, akichungulia ndani. Aliposikia mlio akageuka, kisha akaanza kukimbia. Mama yake, mwenye magoti mabovu, alikimbia hadi ufukoni, akaingia majini na gauni lake, akaishika ncha ya mashua kwa mikono miwili kama anayeogopa isirudi nyuma.

Mwana akazima injini. 

"Mama, ni mimi," alisema taratibu, kama anavyoambiwa mgonjwa. "Ni mimi tu. Baba hayumo. Tulimzika, mama. Hatarudi."

Mama alimtazama, akihema, maji yamemfika magotini.

"Mume wangu nilimfumba macho kwa mkono wangu huu," alisema. "Ni wewe niliyekuwa nakungoja, baba, utoke humo bandani."