Kitanda Kikavu

Kulikuwa kukavu tena. Dobi alipenyeza mkono chini ya blanketi lililotandikwa vizuri, akapapasa, kisha akaunusa mkono wenyewe asije akajidanganya. Hakuna hata harufu.

"Umeona?" alimwambia bintiye. "Kumbe unaweza!"

Mtoto alikuwa ameketi kizingitini na sare yake ya shule, macho mekundu. Siku hizi aliamka kabla ya mama yake na kujivalisha mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa tu.

Dobi alikuwa ameteseka jamani. Nani atampa shuka zake mwanamke ambaye nyumba yake inanuka mkojo? Mteja mmoja alishasimama mlangoni, akakunja pua, akaondoka na furushi lake. Mganga hajigangi, sawa, lakini njaa haisikilizi methali. Alimnyima mtoto maji ya jioni, wapi. Alimchapa, wapi. Mwisho alilitoa godoro lililolowa akalianika barabarani, mchana kweupe, wanafunzi wakitoka shule. Walimzomea mtoto mpaka akajificha nyuma ya pipa.

"Ukikojoa tena," dobi alimwambia, "nalirudisha palepale, na wewe utakaa juu yake."

Tangu siku hiyo, kukavu. Dobi akaanza kujigamba.

"Mtie haya tu, atapona," alimwambia fundi viatu, jirani wa chumba cha pili.

"Haya, dada," fundi alijibu huku akivuta uzi. "Ila mwanangu anasema bintiyo anasinzia sana darasani."

"Anakua huyo. Mtoto akikua hulala."

"Na nani anajifungia choo cha uani kila alfajiri? Nagonga mpaka nachoka, hajibu mtu."

"Mpangaji mpya. Tumbo lake bovu yule."

Wakacheka.

Kesho yake dobi aliamka kabla ya jogoo, maana nyumba ya wageni ilitaka shuka zake mapema. Maji yalikuwa ya moto, povu limeshajaa beseni, akaona bora afue na la mtoto papo hapo. Akanyata asimwamshe.

Kitandani hapakuwa na mtu.

Alilivuta blanketi, akawasha taa, na mikono yake ikasita. Shuka hili alilitandika Jumapili. Mikunjo ya pasi ilikuwa bado imesimama, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoipiga mwenyewe. Dobi hahitaji kuambiwa: shuka likilaliwa usiku mmoja tu, mikunjo hufa.

Alitoka uani peku. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aligonga. Akagonga tena, akamwita mwanawe.

Komeo likavutwa. Mtoto alisimama akitetemeka, chapa ya saruji shavuni, na nyuma yake kanga kuukuu ya mama yake imetandikwa sakafuni.

"Kukavu, mama," akasema upesi. "Kitanda sijakigusa."