Ndoo ya Tano
Katika mji uliozikwa na majivu ya volkano, kazi ya Mwanakheri ilikuwa kumimina plasta kwenye matundu yaliyoachwa na miili iliyooza, ili ikikauka ionyeshe umbo la kila aliyefia humo. Tundu la mtu mzima hula ndoo tatu. Tundu la leo lilizimaliza zote na bado halikujaa.

"Kuna ufa huko chini, inavuja. Tuache," alisema msimamizi wake, Shebe.

"Haivuji, bwana. Nipe nyingine."

Ziliingia mbili zaidi.

Plasta ilipokauka, wakaondoa majivu. Akatokea mwanamume aliyeinama, na mgongoni mwake bibi kizee, amefungwa kwa mbeleko kama mtoto mchanga.

Shebe akavua kofia. Mwanakheri akapitisha brashi kwenye fundo la mbeleko, kifuani mwa yule mwanamume. Halikuwa limelegea hata kidogo.