Mikaratusi ya Baba Valarie

Francis alilipapasa jani kwa kidole gumba, akakuta vinundu vimejipanga kwenye uti wake. Akalirudisha mkononi mwa mkewe.

"Bado wadudu wanakula, Baba Valarie," Edith alimwambia.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemnyang'anya macho, kisha mguu. Kilichomwamsha kila asubuhi pale Bura ni ile mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, kuanzia dirishani hadi bondeni. Binti yao wa pekee alipofariki, Francis alikataa mti hata mmoja ukatwe kupisha kaburi, na Valarie akazikwa makaburi ya umma, Voi. Edith hakubishana. Aliwapa waombolezaji chai.

Kisha wakaja nyigu wa kigeni, wadogo kuliko mbu, wakataga mayai ndani ya majani machanga. Majani yakavimba, vichipukizi vikajikunja. Afisa wa misitu, Gabriel, akaleta adui yao: nyigu wengine wanaotaga ndani ya vile vinundu, watoto wao wakawala wale wa kwanza wangali hai. Francis alicheka siku hiyo. Aliomba aelezwe tena.

Ikabaki kungoja. Wageni, Edith aliwaomba mlangoni wasitaje miti, maana inampandisha presha. Yeye mwenyewe, kila aliporudi kutoka kumwona dada yake Sagalla, alipitia kitandani na jani. Kila mara lilikuwa limevimba. Francis akaacha kumaliza chakula, kisha akaacha kuuliza.

Mvua za vuli zilipoanza, alimshika mkewe mkono.

"Ikate yote, Mama Valarie. Isife polepole kama mimi."

Machozi yalimtoka. Edith aliyafuta kwa kanga yake, akaenda kumwita Gibson, mkata miti.

Gibson alifika na msumeno wa mashine begani. Aliteremka hadi bondeni, akarudi akiitazama miti juu. Ilikuwa imenyooka, na majani, laini yote, yaking'aa kwa mvua.

"Mama, hii imepona kitambo," alisema kwa sauti ya chini. Majani yenye vinundu, alisema, siku hizi huyaona Sagalla tu. "Nani ameamua ikatwe?"

"Mwenyewe," Edith alijibu. "Anza na huu wa dirishani, asikie vizuri. Ukiangusha wa mwisho, niite. Kuna jambo nataka kumwambia."