Picha ya Gauni

Bi Mwanaidi, fundi cherehani, aliingia dukani mara ya tatu wiki ile, akakuta bei ya simu aliyoitaka imepanda tena.

"Mama, kesho utaikuta juu zaidi," muuzaji Shaweji alimwambia. "Hiyo yako inapiga picha kama za ndani ya moshi. Ndiyo maana wateja unaowatumia picha za nguo wanakukimbia."

Bi Mwanaidi akatandaza juu ya meza gauni alilolimaliza asubuhi. "Haya, lipige na hiyo mpya, tuone."

Picha ikatoka ang'avu. Bi Mwanaidi akaikuza kwa vidole, akashtuka. Mshono wa kifuani ulikuwa umepinda kama njia ya siafu.

"Umeona mambo hayo?" Shaweji akacheka.

"Nimeona, mwanangu. Subhanallah."

Akaliinua gauni karibu na uso, akalisogeza mbali, akalirudisha. Macho yake bado yaliuona mshono umenyooka.