Pumzi Mbili

Mukasine aliposikia kishindo sebuleni, alichungulia kwenye ufa wa dari. Mzee Twagirayezu alikuwa chali sakafuni, amevaa koti na viatu. Viatu! Tangu mauaji yaanze Aprili hii ya 1994, mzee hakuwa amevuka kizingiti.

Akashuka mbio.

"Rudi juu, mwana wangu," alinong'ona Xavérine, mke wa mzee, ameukaza ufunguo wa mlango kiganjani. "Watakusikia."

Hatua thelathini kutoka dirishani palikuwa na bariyeri, kizuizi cha barabarani, na vijana wenye mapanga waliokuwa wakiwasaka Watutsi kama Mukasine nyumba kwa nyumba. Lakini Mukasine alikuwa muuguzi, na hii ndiyo nyumba iliyomficha siku tisa. Zamani marehemu baba yake alimpa mzee huyu mtamba wa ng'ombe, na Mnyarwanda akishapewa ng'ombe na mtu, wamekuwa ndugu hadi kaburini. Angemwachaje?

Alitega sikio puani: kimya. Akagusa shingo: hakuna mapigo. Akapiga magoti, akaweka viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, akabonyeza kwa nguvu. Kazini walifundishwa kuhesabu kwa sauti; leo alihesabu kimoyomoyo. Kumi na tano. Akainua kidevu, akabana pua, akapuliza pumzi mbili. Tena kumi na tano. Ubavu mmoja ukavunjika chini ya viganja vyake. Hakusimama.

"Mama, nipokee, mikono imechoka."

Xavérine hakusogea. "Wacha. Moyo iko imesimama. Mungu ameamua."

"Bado!"

"Mukasine, nakuomba. Mwache aende." Akafungua mdomo aseme jambo, haya ikamshika, akaufunga.

Mukasine alimchukia kwa moyo wote. Miaka thelathini ya ndoa, na mwanamke hataki hata kupiga magoti! Jasho lilimdondokea mzee usoni. Pumzi mbili. Kumi na tano. Pumzi mbili.

Mzee akakohoa. Kifua kikapanda chenyewe, kikashuka, kikapanda tena. Mukasine alilia kwa furaha. Akamfungua vifungo vya koti, akamlaza ubavu, uso ukielekea dirishani apate hewa.

Xavérine alijifunika kitenge usoni.

Macho ya mzee yalizunguka chumba, yakamkuta Mukasine, yakatulia. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa yote dirishani:

"Vijana! Nilikuwa nakuja kuwaita! Mtutsi iko hapa!"